Kwangu Hakuna Hodi

Seche mwanangu,

Mama yako ametandaza sanduku lako katikati ya sebule na hataki mtu apite. Kila nikisogea ananitazama kama mbuzi aliyeingia kwenye uwele wa watu, basi nimehamia huku barazani na kiti changu cha kamba na hii taa ya sola ambayo wadudu wote wa Kongwa wameifanya ukumbi wa harusi. Nakusikia ndani unabishana naye kuhusu mlenda mkavu. Wewe unasema watu wa uwanja wa ndege watadhani ni bangi, yeye anasema waambie waonje. Kwa hiyo mambo ya sweta, ya dawa, ya kula vizuri na kupiga simu siyagusi. Hayo yana mwenyewe.

Mimi nina langu moja tu. Tangu Jumapili ile ya sherehe ya kukuaga, wewe na mimi tumekuwa watu wa shikamoo na marahaba. Unanisalimia kwa adabu zote, na ukishamaliza kunisalimia unapita zako. Mama yako alidhani litaisha lenyewe. Halikuisha, na kesho asubuhi gari linakuja kukupeleka Dodoma ukapande treni. Nilitaka kukuita tuzungumze, lakini unanijua. Mimi nikifungua mdomo, hata kama ni kuomba chumvi, inageuka kuwa hotuba. Kwenye karatasi angalau unaweza kunikunja ukanitia mfukoni.

Nianze na yule bwana wako wa Uingereza, maana ndiye aliyeninyima usingizi.

Siku ulipopata nafasi ya chuo uliketi nasi sebuleni ukatusimulia utakachokwenda kusoma. Mimi nilidhani ni uchumi. Kumbe unakwenda kuchambua makaratasi ya nyumba ya mzungu mmoja aliyekufa zamani, mwenye mashamba na mbunge, wa enzi za wafalme walioitwa George. Nikauliza, George yupi? Ukasema wote, walifuatana. Nikasema, jamani, ukoo mzima hakutokea hata mmoja wa kufikiria jina jingine? Mama yako alicheka mpaka akaweka sahani chini.

Ukatueleza kwamba bwana yule alikuwa na ardhi ambayo mtu wa farasi angepita kutwa nzima na bado yuko kwake. Wapiga kura wake walikuwa wachache, na wengi wao walilima kwake na kulala kwenye vijumba vyake. Kura yenyewe haikuwa ya siri. Mtu alisimama mbele ya watu, akataja jina kwa sauti, na msimamizi wa bwana yupo palepale anasikia. Uchaguzi ukikaribia bwana alichinja ng'ombe na kumwaga pombe. Nilijipiga paja nikasema, "Huyo mtu nampenda!" Ukasema, "Subiri, Baba." Ukaendelea. Malisho ya kijiji, ambayo watu walikuwa wakipeleka mifugo yao tangu enzi za mababu, bwana aliyazungushia ua, na sheria ya kumruhusu ikapitishwa na bunge lilelile alilokaa yeye na wenzake. Na alipozeeka, kiti chake akampa mwanawe, kama mtu anavyorithisha ghala.

Hapo sikucheka tena. Wewe hukunitazama. Ulikuwa unachezea kijiko.

Kisha ukatuonyesha picha yake kwenye simu. Bwana mnene, soksi nyeupe, mkono mmoja ameunyoosha kuelekea mashamba yake. Mama yako ndiye aliyesema, "Mbona mashamba yote hayo hayana mtu?" Ukasema ndivyo walivyopenda kuchorwa. Nikainua macho nikaiona picha yangu ukutani juu ya televisheni. Unaijua. Mimi mbele ya geti, suti ya kijivu, shamba nyuma yangu, mkono nimeunyoosha. Usilolijua ni kwamba siku ile Mzee Ndahani alikuwa anapita na ng'ombe wake, na mpiga picha akamwambia, "Mzee, sogea kidogo, unaharibu." Akasogea. Nilikuwepo na sikusema kitu, kwa sababu kweli nilitaka picha nzuri.

Ngoja nirudi nyuma kidogo, kabla ya suti.

Babu yako alikuwa dereva wa trekta enzi zile Waingereza walipokuja na mashamba yao ya karanga. Waliposhindwa na hii ardhi yetu wakaondoka, yeye akabaki na ufundi, jozi ya viatu vya ngozi, na mapenzi ya kuona ardhi iliyonyooka. Alifyeka. Alifyeka mpaka watu wakasema huyu anatafuta bahari. Ndiyo maana shamba letu ni kubwa hivi. Lakini hakuwahi kuweka hata kijiti cha kuonyesha mpaka, na hakuwa na haja. Njia ya ng'ombe kwenda kunywa maji lambo ilipita katikati ya shamba lake. Ukishavuna uwele wako na mtama wako, mabua yaliyobaki hayana mwenyewe. Ng'ombe wa yeyote wanaingia, wanakula, wanaacha mbolea. Msimu wa mabua ulikuwa msimu wa kelele na vumbi na kengele za ng'ombe, na sisi vijana tulichunga pamoja kwenye mashamba ya watu bila hata kujua ni ya nani. Ndahani na mimi tulikulia kwenye mabua hayo. Mpaka leo nikisikia harufu ya mabua makavu asubuhi yenye baridi, nina miaka kumi na koti la baba yangu.

Nilipogombea mara ya kwanza nilikuwa kijana mwembamba, mwalimu wa shule ya msingi, baiskeli moja. Ninyi mmezaliwa bendera ni za kila rangi. Sisi tulikuwa na chama kimoja, na kila jimbo wagombea wawili. Kwa ajili ya wasiojua kusoma kila mgombea alipewa alama, mmoja jembe na mwingine nyumba. Kila mtu alililia jembe. Sisi wakulima, nani asiyependa jembe? Mimi nikapata nyumba. Nilirudi nimenuna, nikamkuta bibi yako anatwanga. Akauliza kulikoni. Nikamwambia nimepewa nyumba.

"Sasa unalia nini?" akasema bila kuacha kutwanga. "Jembe mtu analiacha nje. Nyumba anaingia."

Tatizo lilikuwa picha. Nyumba ya kwenye karatasi ya kura ilikuwa na paa la kuchongoka, na watu wetu walikaa kwenye tembe, paa bapa la udongo. Kila kijiji nilichokwenda wazee waliuliza, "Hiyo nyumba ya nani?" Ndahani ndiye aliyeniokoa. Tulikuwa tunabebana kwenye baiskeli kwa zamu, mlima anaendesha yeye, mteremko naendesha mimi, mjanja nilikuwa mimi. Siku moja wazee wakauliza tena, Ndahani akaruka mbele na kusema, "Hiyo nyumba ya huyu kijana, na haina mlango! Kwake hakuna hodi!" Watu wakacheka. Wanawake walikuwa na ngoma zao za muheme mapajani, wakalidaka lile neno palepale. Kwake hakuna hodi, hakuna hodi, hakuna hodi. Kuanzia hapo sikuhitaji hotuba. Nilikuwa nasimama tu na kusema, "Kwangu?" na uwanja mzima unajibu, "Hakuna hodi!"

Sijawahi kupendwa vile tena, Seche. Nakuambia kweli. Nilishinda, na miaka yote ya mwanzo ilikuwa hivyo. Ukiamka asubuhi unakuta watu wamekaa jikoni kwa bibi yako wanakula uji, na humjui hata mmoja. Mtu analala barazani na mashtaka yake, asubuhi anakueleza ukiwa unapiga mswaki. Mama yako, tulikuwa tumeoana karibuni, alikuwa anasema nimeoa jimbo na yeye amekuja kama shahidi wa harusi. Nilikuwa nachoka, nanung'unika, na sikujua kwamba ndiyo siku zangu nzuri.

Nani alinibadilisha? Hakuna. Usitafute adui, hayupo. Nilikaa na watu wenye mashamba makubwa, nikatembelea ranchi ya mmoja wao, nikaona waya umenyooka mpaka upeo wa macho, geti, mlinzi amevaa kaki anapiga saluti. Nikakumbuka baba yangu na mapenzi yake ya ardhi iliyonyooka. Nikajiambia anastahili uzio kama ule. Unaona tunavyojidanganya? Nilimsingizia marehemu.

Muhula wa pili nikazungusha waya wa miba. Njia ya lambo ikaingia ndani ya waya, ng'ombe wa watu wakaanza kuzunguka mbali. Mabua nikayafunga robota na kuwauzia walewale ambao ng'ombe wao walikuwa wakiyala bure, na nikaona nimefanya jambo la maendeleo. Kisha nikamleta fundi wa kuchomelea kutoka mjini akatengeneza geti la chuma, na juu yake akachomelea herufi: MHESHIMIWA. Nikaweka mlinzi. Mlinzi akafundishwa kuuliza, "Una miadi na Mheshimiwa?" Kuna bibi mmoja alitoka mbali, akaulizwa hivyo, akajibu, "Sina, mwanangu, nilikuwa na kuku tu, na huyu hapa." Tulicheka sana mezani. Nilikuwa nalisimulia kila mahali kama kichekesho.

Bibi yako hakupita kwenye geti lile hata mara moja. Alikwenda nyuma ya zizi, akakunja waya kwa mikono yake, akafanya upenyo, na hapo ndipo alipopita mpaka mwisho, khanga inanasa kwenye miba, anatukana kwa Kigogo. Nilimwomba. Nilimwambia, Mama, watu wataniona mimi mtu wa ajabu, mama yangu anatambaa kwenye waya. Akasema, "Basi usikae unaangalia."

Ule uchaguzi nilioanguka unaujua kwa kusimuliwa, lakini nikuambie ninavyoukumbuka. Nilichinja ng'ombe. Nilipika pilau. Watu walikuja, wakala, wakaniombea dua na sala za kila dhehebu, wakafuta midomo, wakaenda kwenye sanduku la kura wakamchagua mwingine. Nilikaa siku nyingi nikiuliza kila mtu, wewe ulinipa? Wote walinipa. Jimbo zima lilinipa, nikaanguka. Ndiyo maana uliposimulia habari ya kura za sauti nilijipiga paja, mwanangu. Nilimwonea wivu bwana wako. Yeye angalau alijua nani amemkataa.

Lakini hicho si kilichonivunja. Kura ni kura. Kilichonivunja ni msiba wa bibi yako.

Ulikuwa umebebwa mgongoni na shangazi yako wa Ipagala, huwezi kukumbuka. Bibi alifariki alfajiri. Nikalia, nikapiga simu, nikamwambia mlinzi afungue geti wazi kabisa, pande zote mbili. Nikangoja watu. Wewe unajua msiba ulivyo huku kwetu. Mtu anaanza kulia akiwa barabarani, anaingia moja kwa moja, anajitupa chini, hakuna kusalimiana, hakuna kuuliza. Nikangoja. Jua likapanda. Ndani tulikuwa sisi wenyewe tu. Nikasema watu hawa wananichukia kiasi hiki, hata kumzika mama yangu hawaji?

Nikatoka. Wanaume walikuwa wamejaa nje ya geti. Kijiji kizima, wamesimama, kofia mikononi. Geti liko wazi na hakuna aliyevuka. Ndahani alikuwa mbele. Aliponiona akasema, taratibu kabisa:

"Hodi."

Nikamwambia, "Ndahani, geti liko wazi."

"Tunaliona, Mheshimiwa," akasema. "Hodi."

Seche, msibani hakuna hodi. Mtoto mdogo anajua. Na sijui kama alifanya makusudi au walikuwa kweli wamezoea, sijawahi kumuuliza mpaka leo, naogopa jibu lolote kati ya hayo mawili. Nilifungua mdomo niseme karibuni, nikashindwa. Utamkaribishaje mtu msibani? Nikabaki nimesimama pale mtu mzima, mbunge mstaafu, kwenye geti langu mwenyewe.

Hapo tukasikia vilio nyuma ya nyumba. Wanawake hawakuwa wamengoja hodi ya mtu. Walizunguka zizi, wakaupata upenyo wa bibi yako, wanaingia mmoja mmoja wameinama, khanga zinanasa, wanazinasua, wanaingia. Wengine wazee kuliko yeye. Nilipowaona nikaenda stoo nikachukua plaizi, nikaanza kukata waya, na suti yangu nyeusi, kamasi zinatoka. Nilikata vibaya, waya ukanirukia usoni, hili kovu mnalodhani ni la ajali ndilo. Ndahani akaja akashika upande mmoja wa waya ili usinirukie tena. Tukauondoa upande wote wa mbele, watu wakaingia, kisha tukaenda kuchimba kaburi.

Waya uliobaki ulitoka msimu uleule. Njia ya lambo ikarudi, mabua yakarudi. Lakini geti sikuling'oa. Kwa nini? Kiburi tu, nitasema nini. Niliona nikiling'oa na geti nitakuwa sina kitu kinachoonyesha kwamba nami nilikuwa mtu. Basi likabaki katikati ya uwanda, geti lisilo na uzio kulia wala kushoto, na watu wote wanapita pembeni yake. Mtu pekee aliyekuwa analifungua na kulifunga nilikuwa mimi na gari langu. Walionipita kwa baiskeli walikuwa wanasimama kutazama, wananisalimia kwa heshima zote, na wakifika mbele kidogo nawasikia wanakufa kwa kicheko. Herufi zikaanza kuanguka, ikabaki MHESHI. Hadi leo sokoni wananiita Mzee Mheshi, na mimi naitika.

Halafu ukalipenda wewe. Hapo ndipo nilipozidi kushindwa. Ulikuwa unabembea kwenye lile geti kutwa, linalia kii, kii, mama yako anapiga kelele utakatika vidole. Herufi zako za kwanza ulizisoma pale, nimekubeba mabegani, kidole chako kinafuata chuma. Uliponiuliza ile iliyopinda ni ipi nikakuambia ni S, ni yako, S ya Sechelela. Ukaibusu. Ilikuwa imeshika moto wa jua, ukaungua mdomo, ukalia, na kesho yake ukairudia. Kila jioni nikitoka mjini nilikukuta umekaa juu yake unanifungulia, na unaniuliza kwa sauti ya yule mlinzi, sijui nani alikufundisha, "Una miadi?" Nami nikikujibu sina, nina kuku tu, unacheka mpaka unateleza. Nilisema moyoni, kumbe geti hili halikuwa na kosa.

Sasa nifike kwenye Jumapili ile.

Nilishika kipaza sauti. Kosa la kwanza, mtu angeninyang'anya. Watu wamejaa, padri yupo, wazee wa chama wako mstari wa mbele, umependeza, na mimi nikahisi ile hali ya zamani inanipanda kutoka miguuni. Nikasema, "Binti yangu anakwenda Uingereza kusoma, na akirudi, kiti cha baba yake kinamngoja!" Vigelegele. Wazee wakasimama. Nikaongeza kwamba nimeshakubaliana nao, jina lako litapelekwa, shamba ni lako, jimbo ni lako. Ukanyanyuka ukaondoka, watu wakadhani umekwenda kulia kwa furaha. Nilikukuta jikoni unaosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu. Ukasema bila kugeuka:

"Baba, mimi si shamba."

Nilikasirika. Nilikwenda kulala nimekasirika, nikaamka nimekasirika. Nilikuwa na majibu mengi mazuri, nilimpa mama yako yote. Nilimwambia mtoto huyu amesomeshwa, amelishwa, ardhi yote hii, jina lote hili, sasa nimpe nani? Mama yako alinisikiliza siku nzima, jioni akasema, "Ulikubaliana na wazee. Na yeye ulikubaliana naye lini?" Akaendelea kuchambua mchicha.

Nikaitazama tena picha yangu ukutani. Mwanangu, nilichokufanyia ni kilekile. Nilikuta kitu kinapita kwa uhuru wake, nikakizungushia waya, nikasema ni maendeleo. Na wewe kwa adabu yako ukaanza kunipigia hodi ndani ya nyumba yako. Shikamoo, Baba. Marahaba. Unapita. Hodi niliyoisikia mara moja maishani nikaapa sitaisikia tena, nimeisikia kila asubuhi tangu Jumapili ile.

Kwa hiyo leo, ulipokwenda kumuaga shangazi yako Ipagala, niliwaita wale wazee. Walikuja wakidhani kuna kikao. Nikawaambia, "Wazee wangu, jina la binti yangu litoeni. Nilisema bila kumuuliza." Mmoja wao akasafisha koo, akasema, "Sasa, Mheshimiwa, jimbo unamwachia nani?"

Nikamwambia, "Halikuwa langu. Waulizeni wenyewe."

Walinitazama kama mgonjwa. Wawili wameondoka wamenuna na pengine hawatarudi kunywa chai yangu. Inaniuma, sitakudanganya. Nimekaa hapa jioni hii nikifikiria kwamba pengine jina letu limekwisha kutajwa kwenye uwanja kwa mara ya mwisho, na sitasikia tena watu wakijibu nikisema "Kwangu?" Nilikuwa nimepanga kulisikia tena kupitia kwako. Nililitaka sana hilo. Sasa unalijua, na huna deni nalo.

Walipoondoka nikamtuma mtu amwite Ndahani aje na sururu. Akaja, mgongo umepinda siku hizi, akatazama geti, akanitazama mimi. "Leo?" akasema. Nikasema, leo. "Nilidhani tutakufa kabla," akasema. Sisi wazee wawili tulichimba mchana kutwa, mama yako anapita anasema mtavunjika viuno, nani atawabeba. Geti amelichukua Ndahani. Anasema atalifanya kitanda cha kuanikia uwele. Wewe umerudi gizani na bodaboda, unaongea na simu, umepitia njia ya pembeni kama watu wote, hukuona kitu.

Utakapokaa kule na makaratasi ya bwana wako, usimhurumie haraka wala usimchukie haraka. Inawezekana naye aliwahi kuwa kijana mwembamba. Mtafute yule aliyeambiwa asogee asiharibu picha. Lazima yupo mahali, hata kama ni jina moja kwenye kona ya ukurasa. Ukimpata, niandikie anaitwa nani, nitamsimulia Ndahani.

Na hutaki siasa, usifanye. Ukizitaka siku moja, utazitaka wewe. Ukipenda kukaa huko, kaa. Ukiolewa na mzungu mwenye soksi nyeupe, mama yako atapiga kelele wiki nzima kisha atamtumia mlenda. Nitakukosa vibaya sana, Seche, hilo nalisema wazi kwa sababu mdomoni litanikwama kesho mbele ya dereva. Nimekupenda tangu ulipokuwa huna hata meno, na baraza hili bila kelele zako sijui nitalifanyia nini.

Ile S nimeing'oa. Imekaa kwenye soksi yako ya kijani, chini kabisa ya sanduku, mama yako hajui, angejua angeitoa, maana anapima uzito wa kila kitu kwa mkono na kunitazama. Watu wa uwanja wa ndege wakiuliza ni nini, waambie waonje.

Ukirudi, iwe mwakani, iwe na mvi kichwani, uje na mtu au uje peke yako, usipige hodi. Ingia tu.

Nilisema maagizo ya safari yana mwenyewe, lakini hili moja chukua. Pale lilipokuwa geti pamebaki mashimo mawili, hatukuwahi kuyafukia. Mwambie dereva apite polepole.

Baba yako,
Mzee Mheshi